Chazo Niliyemla Kiwayu

Tangu nirudi, barazani hakukaliki. Kila anayepita ananiuliza lile lile: mtu aliyeaga kuwa anakwenda Kiwayu kwa siku sita, ilikuwaje akakaa siku ishirini na mbili, tena akarudi pua imebabuka? Nimejibu vipande vipande hadi nimechoka, na kila niliyemjibu amekwenda kutia chumvi yake. Nasikia huko juu mtaani wanasema nilitekwa. Sikutekwa. Kaeni niwahadithie mara moja, kisha mniache nishone kofia zangu.

Mnajua mimi si mtu wa safari. Mbali zaidi nilikokuwa nimefika ni Matondoni, nako nilikwenda kwa punda na nikarudi nalalamika mgongo. Kazi yangu ni ya kukaa, kitambaa magotini na sindano mkononi. Aliyenitoa nje ni mama.

Mama alikuwa kitandani kwa mwezi wa pili sasa, kifua kimembana. Asubuhi moja aliniambia nifunge mlango. "Omari," akasema, "nenda Kiwayu kwa mjomba wako Athumani. Kanitakie radhi. Sitaki kuingia kaburini na jambo lile."

Jambo lenyewe lilikuwa kongwe. Mjomba Athumani ni ndugu yake wa pekee. Miaka kumi na tisa nyuma alikwenda kuoa Kiwayu, kwa Watikuu, hao wanaoitwa pia Wabajuni, akamchukua Bi Tima, binti wa wavuvi wa kasa. Akamleta Lamu dada yake amwone. Bibi harusi akaingia jikoni, akapika, akaandaa sinia kwa mikono yake mwenyewe. Mama, mbele ya wageni, akauvuta mkono wake nyuma na kusema, "Mimi sili mkono uliochuna kasa." Kesho yake mjomba alipanda chombo na mkewe, na mlango wetu hakuugusa tena.

Siku zile tulikuwa watu wa nyumba ya mawe na watumwa wa kutuchotea maji, na maneno ya namna hiyo yalitutoka kirahisi. Sasa watumwa wameachwa huru, na mama alijifunza uzeeni kushika kata mwenyewe. Nadhani ni pale kisimani alipoanza kuwaza.

Nilimwahidi siku sita. Akanitazama sana. "Fanya upesi, mwanangu," akasema. "Sijui kama nitaweza kukungoja."

Mkanda

Mkanda ni mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara, na chombo hakipiti ila maji yakijaa. Nahodha wetu alilijua hilo kuliko mimi. Lakini alikuwa amechelewa kwa kumngoja mkwewe, na mkwewe alikuwa amechelewa kwa kumtafuta mbuzi. Tulipofika katikati maji yakaondoka chini yetu. Mashua ikalala ubavu kwenye tope, watu tisa na mbuzi, mikoko huku na huku, hata upepo haupiti. Nahodha akatandika mkeka wake. "Mai yatarudi," akasema, "hayana pengine pa kwenda." Akalala.

Aliyekaa karibu nami alikuwa Bwana Shee, fundi wa viatu vya ngozi wa Siyu, mtu wa makamo mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alivitazama viatu vyangu kwa huruma. "Ni nani aliyekushonea hivi?" akauliza. Nikamtajia. "Mlikuwa mmegombana?" Akanivua kimoja, akatoa sindano yake, akaanza kukishona upya. Mimi nikatoa kofia yangu. Tukakaa hapo topeni mafundi wawili tunashona, na kwa kuwa hakuna pa kukimbilia, nikamweleza habari yote ya mama na mjomba.

"Sikiza," akasema. "Wale hawana adabu zenu za kukataa mara tatu. Ukingoja kukaribishwa watakuona una kiburi cha mjini, nawe unatoka katika nyumba yenye sifa hiyo tayari. Ukiingia kwao, jione uko kwenu. Ukiona kuni, zichanje. Ukiona kitoweo, kishike ukipike. Hapo watakupenda."

Nilimshukuru kwa moyo wangu wote. Nilishona huku nikiyarudia maneno yake nisije nikayasahau. Laiti ningeyasahau.

Mtangawanda hadi Faza

Maji yalirudi alasiri, na usiku ulipoanza kuingia tukashuka kwenye bandari ya Mtangawanda. Kesho yake tukashika ndia ya Siyu kwa miguu, Bwana Shee mbele akizungumza, mimi nyuma nikihesabu malengelenge.

Kwake nilifikia vizuri, ila mama yake aliona mambo mawili akayaunganisha: nimevaa kanzu safi, na nimechukua kikapu cha halua. Halua ilikuwa ya mjomba. Yeye akaamua nimekuja kumposa mjukuu wake. Nililetewa mikate ya mofa ya moto na samaki wa kukaanga, nikala huku nyuma ya mlango wanawake wanasukumana kunitazama. Mmoja nilimsikia akisema, "Mikono laini, lakini anakula vizuri." Asubuhi ilinibidi nieleze. Bibi yule hakukasirika. Alikata robo ya halua kwa ajili ya usumbufu alioupata, akaniombea safari njema.

Nikaendelea hadi mji wa Faza, nikakaa siku mbili nikitafuta chombo cha kwenda kaskazini. Siku ya kwanza niliambiwa kesho, siku ya pili nikaambiwa kesho gani. Hatimaye wakata boriti waliokuwa wakienda zao mikokoni walinichukua. Siku zangu sita zilikuwa zimebaki moja na nilikuwa bado sijafika.

Kiwayu

Sijui niwaeleze vipi Kiwayu. Sisi watu wa mjini tumezoea kuiona mbingu kipande, kati ya ukuta na ukuta. Kule mbingu haina mwisho. Kisiwa chenyewe ni kirefu na chembamba. Upande wa bara mikoko imejisokota kwa unene hata maji yaliyo chini yake ni meusi saa sita ya mchana. Katikati ni vilima vilivyofunikwa msitu, miti mifupi iliyoshikana mikono, ndege ndani yake wanaita na huwaoni. Nilipanda kilima kile nikihema, na nilipofika juu nikaona bahari mbili, moja kila upande, moja imelala na moja inavuma. Nilikaa chini. Miguu haikuchoka, ila nilihisi nimeingia mahali pasipo pangu na inafaa nibishe hodi.

Mji ulikuwa chini ya kilima, nyumba za makuti thelathini hivi, msikiti mdogo uliopakwa chokaa, na nyavu kila penye mti. Mjomba alinitambua kwa hatua zangu. "Huyu ni mwana wa dada yangu," akawaambia watu, "anatembea kana kwamba ardhi ni ya kuazima." Akanikumbatia, naye ananuka moshi na chumvi, na machozi yakanitoka bila kuombwa.

Mkaza mjomba, Bi Tima, alikuwa mwanamke mrefu, mikono ya nguo imekunjwa hadi kwenye viwiko, viganja vimejaa makovu ya ukingo wa magamba ya kasa. "Karibu, mwana wa wifi," akasema, akaenda kunitandikia. Nikaona si vyema kutaja shida yangu jioni ile ile.

Asubuhi mjomba alikwenda kuziba nyufa za mtumbwi wake kwa kalafati, mkaza mjomba akaenda kisimani. Nikabaki peke yangu na maneno ya Bwana Shee. Nikachanja kuni. Kisha nikashuka ufukweni mbele ya nyumba, na kwenye dimbwi la miambani nikaona samaki mweusi, mwembamba, urefu wa mkono wangu, amefungwa uzi mkiani na uzi umefungwa kwenye kigingi. Kichwani ana mistari mistari kama soli ya kiatu. Nikajiambia, hiki ndicho kitoweo cha mgeni, wamekiweka majini kisiharibike, na wanaona haya kunipikia kwa sababu ya yale ya mama. Basi nitawaonyesha kuwa mimi nala chao.

Nikaukata uzi kwa kisu cha mjomba. Nilipotia mkono majini, samaki hakukimbia. Alikuja mwenyewe, akanigusa vidole. Nilimshukuru Mungu kwa wepesi ule, nikamtoa, nikamuua, nikampasua na kumtia chumvi.

Mkaza mjomba alirudi na mtungi kichwani. Aliuona uzi uliokatwa kabla ya kuniona mimi. Akautua mtungi polepole sana, akakaa kando yake, akaushika ule uzi. Mimi nilikuwa nimesimama na samaki mkononi, natabasamu.

Mjomba ndiye aliyenieleza. Samaki yule anaitwa chazo. Ameumbwa kujibandika kwa kichwa chake kwenye kila kikubwa cha baharini, papa, kasa, hata chombo. Watikuu humfunga uzi mkiani, wakamwachia karibu na kasa, akaenda kujibandika, wakavuta. Kumpata ni kazi, kumzoeza ni kazi zaidi. Huyu walikuwa naye kwa miezi minane. Alikuwa akila mkononi mwa mkaza mjomba kila asubuhi, ndiyo sababu alikuja mkononi mwangu. Mji mzima ulikuwa na watatu, sasa wamebaki wawili.

Nilitamani tope la Mkanda linimeze. Mkaza mjomba akainuka, akamchukua yule samaki, akampika kwa nazi na ndimu kama anavyopikiwa mgeni wa heshima. Akaiweka sahani mbele yangu peke yangu. "Ameuawa aliwe," akasema. "Hatatupwa. Kula."

Nikala. Wao wamekaa wananitazama. Nyama yake ngumu, na kila tonge nililisukuma kwa maji. Nilipomaliza, kwa kuwa sikuwa na uso tena wa kuulinda, nikatoa ujumbe wa mama: yu mgonjwa, hatapona, anataka radhi.

Mjomba alifunika uso kwa kilemba chake. "Mimi nilimsamehe kabla sijavuka Mkanda," akasema. "Lakini sinia ile haikuwa yangu. Mwenye haki ni huyu."

Tukamgeukia. Bi Tima alikuwa akiosha sahani. "Mama yako alikataa kula mkononi mwangu," akasema, "na wewe umemla aliyekuwa akila mkononi mwangu. Nyumba moja mwanitosha. Nitakujibu siku chazo mwingine atakapokula mkononi mwangu."

Kungoja

Nilikaa nikingoja samaki ale. Mama yuko kitandani Lamu, pumzi zinahesabika, nami niko kwenye mwamba kaskazini ya dunia nangoja samaki. Nilimsihi mjomba aseme na mkewe. "Ningekwisha kusema kama ingefaa," akajibu. "Ndoo twende, tukatafute mwingine."

Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kusokota uzi mpya, maana ule wa zamani niliukata mimi. Nikatoa nyuzi zangu za kofia, nikazizidisha, nikazisokota tatu tatu hadi zikawa kamba nyembamba isiyokatika. Bi Tima aliivuta kwa nguvu zake zote. Haikukatika. Akainamisha kichwa kidogo, na siku hiyo nikapewa chai ya tangawizi.

Asubuhi tulikwenda baharini na minofu ya kuvutia chazo, mchana tukaingia msituni kutafuta kuni. Ndani ya msitu ule jua hufika chini vipande vipande, na kuna kimya ambacho mtu wa mjini hakijui. Siku moja tulimkuta paa mdogo amesimama kwenye njia, akatutazama bila woga, sikio likicheza. Mjomba akanizuia nisitembee hadi alipoondoka. Nilikuwa nimekuja na haraka yangu, na mbele ya mnyama yule niliiona haraka ile ni ujinga. Kisha nikamkumbuka mama, ikarudi.

Siku ya nane chazo alijibandika chini ya mtumbwi wetu wenyewe. Mjomba akazama, akaniita nami nizame nishike. Nilishika mkia nikavuta, naye akazidi kung'ang'ania. Mjomba akanitoa mkono. "Si kuvuta," akasema tulipoibuka. "Msukume mbele, alikoelekea." Nikashuka tena, nikamsukuma kidogo mbele, akaachia kama hakuwahi kushika. Nikampandisha juu kwa mikono miwili.

Akatiwa dimbwini, uzi wangu mkiani. Bi Tima akaingia maji ya magotini, akamnyooshea kipande cha dagaa. Chazo akageuka. Siku ya pili akageuka. Mimi niliacha kula. Nilikaa mwambani nikisali sala zote ninazozijua, na nadhani hakuna aliyewahi kumwombea samaki hamu ya chakula kama nilivyoomba mimi. Siku ya tatu, jua limepanda kidogo, alikaribia, akazunguka viganja vile vyenye makovu, kisha akafungua kinywa akachukua.

Bi Tima akamlisha hadi dagaa wakaisha. Alipotoka, nguo yake inachuruzika, akasema, "Radhi haipelekwi na mtu mwingine. Nitakwenda nayo mwenyewe. Lakini siendi kwa mgonjwa wa kifua mikono mitupu."

Kasa

Tulitoka asubuhi mimi na mjomba, chazo amejibandika ubavuni mwa mtumbwi. Maji yalikuwa safi hata niliona kivuli chetu kinatembea juu ya mchanga, pima tatu chini. Mjomba alinyoosha kidole. Kulikuwa na kasa analisha kwenye majani ya bahari, mpana kama meza ya kusomea, na mabega yake yanapanda na kushuka polepole.

Mjomba akamsukuma chazo mbele, akaachia. Uzi wa kofia zangu ukaanza kukimbia mkononi mwangu. Nilimwona akienda moja kwa moja, mweusi, mdogo, hana shaka, akaingia chini ya kasa na akatulia. Uzi ukakaza. Kasa akastuka akaondoka, na mtumbwi ukaondoka naye. Watu wawili, chombo na mnyama yule mkubwa tulikuwa tumefungana kwa nyuzi za kushonea kofia na kichwa cha samaki. Subhanallah, ndilo neno pekee lililonijia, na nililisema kimyakimya tu. Nimesoma tangu utotoni kuwa Mungu ameumba kila kitu kwa kipimo. Siku ile nilikishika kipimo chenyewe mkononi, kinavuta.

Kasa alichoka kidogo kidogo, tukampandisha. Kule humchinja kwa bismillahi na kumla. Kwetu mjini wako wanaomkataza kwa sauti na kumla kwa siri, nami sitaji majina. Bi Tima alimchuna kwa mikono ile ile iliyosemwa miaka kumi na tisa nyuma. Alikausha nyama, akayeyusha mafuta ya kupaka kifuani, akafunga kila kitu kwenye kikapu kilichokuwa cha halua.

Nyumbani

Kurudi kwetu sote watatu hakukuwa na hadithi. Nahodha alikuwa mwingine, maji ya Mkanda yalijaa, hapakuwa na mbuzi. Mimi nililia njia nzima kwa hofu kuwa tutamkuta amezikwa. Bi Tima alikaa mbele ya chombo hakugeuka nyuma.

Tulimkuta mama yu hai, amekuwa mdogo kitandani. Bi Tima hakuketi. Aliuliza jiko liko wapi, kama mtu ambaye hajawahi kuingia humo, akapika. Harufu ya nazi ikapanda hadi chumbani. Kisha akaingia na sinia, akaiweka kando ya kitanda, akasimama.

"Wifi," akasema, "nimekuletea chakula."

Mama aliitazama ile sinia, akamtazama yeye, makovu yote. Nikaona mkono wa mama unatoka ndani ya shuka, nikafikiri anataka kula. Haukuelekea kwenye sinia. Alikishika kiganja cha Bi Tima, akakivuta karibu na kinywa chake.

"Nilishe kwa huu," akasema.

Alikula matonge matatu. La nne hakuliweza. Bi Tima akamfuta midomo, akampaka mafuta kifuani, akamwambia amemsamehe duniani na akhera. Mjomba na mimi tulikuwa nyuma ya pazia tukishikana mikono kama watoto.

Mama alikaa nasi siku tisa zaidi. Siku ya mwisho alitoa usia mmoja. Mlikuwapo siku ya maziko, mlibeba jeneza pamoja nami, na najua baadhi yenu mlijiuliza kwa nini wanawake wa mjini waosha maiti, wenye kazi hiyo miaka yote, walikaa uani wasiitwe. Pazia lilifungwa, na ndani alikuwamo mmoja tu. Mama alisema asiguswe na mkono mwingine.